Kabla Hujabonyeza "Kubali"

Wanangu mnaoanza biashara, siwakatazi kukopa. Mkopo wa simu umewafaa wengi ambao benki iliwafungia mlango kwa kukosa hati ya nyumba. Ninachowaonya ni mkopo usiolingana na mzunguko wa mali yenu.

Chukueni robota la mitumba. Siku za mwanzo nguo nzuri zinagombaniwa. Zilizobaki zinatoka mojamoja hadi mwezi unakatika. Sasa tuseme umeomba shilingi 100,000 mtandaoni. Wakopeshaji wanakata ada juu kwa juu, unapokea 75,000, na baada ya siku 7 wanataka 100,000 yao kamili. Hiyo 25,000 ni theluthi ya fedha uliyoishika mkononi. Ni mtumba gani utakupa faida hiyo kwa wiki moja, na bado ulipe ushuru na nauli, watoto nao wale? Siku ya 7 inakukuta nusu ya nguo bado zimetundikwa. Unauza kwa hasara, au unakopa kwingine ulipe deni la kwanza. Si bure watu wameiita mikopo ya namna hii kausha damu.

Tena kuna hasara ya jina. Ulipobonyeza kukubali, huenda uliwapa ruhusa ya kuona namba zote za simu yako. Ukichelewa, ujumbe unakwenda kwa mkweo, kwa wateja, na kwa tajiri wa jumla anayekupa mali kauli. Mali kauli, yaani bidhaa unayochukua leo na kuilipia baadaye, dhamana yake ni uaminifu wako tu. Tajiri akisoma kwamba wewe ni mdaiwa sugu, kesho atataka taslimu.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Basi kagueni leseni kwanza. Ulizeni makato yote, msiishie kwenye riba. Na jiungeni katika vikundi: sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Inachukua muda na makaratasi, lakini vumilieni.

Na aliyekwisha kunasa asikope tena ili alipe. Amwendee tajiri wake kabla ujumbe haujamfikia, amweleze ukweli wote, waandikiane namna ya kulipana.