Lango la Bwawa

Usiku wa pili tangu nirudi Nyahanga kukusanya data za tasnifu, mjomba alisubiri nimalize kula ndipo akasema, "Msomi, kule stoo kuna ndoo ya dawa, maandishi yake Kiingereza kitupu. Kesho ukaisome. Nataka bwawa lifufuke kabla ya Desemba."

Desemba kulikuwa na sendofu ya binti yake, na wageni wangetoka Mwanza na Dar. Bwawa liko nyuma ya nyumba, mita 9 kwa 4. Mjomba alilichimba miaka ile mgodi wa Buzwagi ulipokuwa na watu wengi wa kulishwa, naye akiuza mboga na mayai. Mgodi ulipofungwa mwaka 2021, bwawa nalo lilianza kufa kidogo kidogo. Kwanza pampu ilizimwa kuokoa umeme, halafu dawa ikaisha, halafu yakabaki maji ya mvua, ya kijani, yenye viluwiluwi. Watoto wa mtaa waliliita suimingi ya vyura.

Mimi ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na tasnifu yangu inahusu haki katika kugawana maji. Najua unavyocheka. Nilicheka pia, kisha nikaacha, kwa sababu Septemba Kahama si mwezi wa kuchezea maji. Mvua ya mwisho imeshasahaulika, ijayo bado wiki nyingi, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Wenzetu wa Ulaya hufungua mabwawa yao majira ya joto baada ya baridi kuyafunga. Huku bwawa halifungwi na baridi, na mwezi unaolitamani zaidi ndio huohuo jirani yako anaoamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo.

Nilifanya hesabu kwenye daftari la utafiti. Kina cha wastani mita 1.4, basi ni lita 50,000 hivi. Ndoo 2,500 za lita 20. Familia inayotumia ndoo sita kwa siku ingekaa na maji hayo zaidi ya mwaka. Nikampelekea mjomba daftari kama mwendesha mashtaka anayewasilisha kielelezo.

Akalisoma, akavua miwani. "Matofali ya nyumba hii yalikunywa maji kiasi gani? Na yale magari yanayooshwa barabarani kila Jumamosi? Mbona hayo huyapigii hesabu za ndoo?"

Sikuwa na jibu zuri. Ukiwa mkweli, bwawa hujazwa mara moja, baada ya hapo unaongezea tu. Tulikuja kupima: jua la Septemba lilikuwa likinywa karibu nusu sentimita kwa siku, yaani lita 180, ndoo tisa. Nyumba yenye bustani ya majani humwaga zaidi ya hizo bila mtu kuiita dhambi. Nadhani bwawa linatuudhi kwa sababu linaonekana. Maji yamelala pale juani, hayafanyi kazi, na sisi tumelelewa kuamini kwamba maji ni ya kufanya kazi.

Tena maji yenyewe yametoka mbali. Yanavutwa kutoka Ziwa Victoria, yanasafishwa Ihelele kule Misungwi, kisha yanasukumwa kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama. Mradi huo ulipoanza mwaka 2004 ulizua maneno, kwa sababu kuna makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri yaliyoipa Misri sauti juu ya miradi ya maji ya Nile na maziwa yake. Tanganyika ilikuwa imeshayakataa mwaka 1962, kwa msimamo wa Nyerere: mkoloni hawezi kutusainia mkataba halafu akatuachia tuubebe. Nilipenda kumtania mjomba kwamba watu walibishana na Misri ili yeye apate pa kupiga mbizi. Hakuchekeshwa.

Mwisho tukakubaliana. Atajaza bwawa, lakini bomba la uani litakuwa wazi kwa majirani kila jioni, bure, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Wazo lilikuwa langu. Nililiandika hata kwenye daftari, chini ya kichwa cha habari "fidia", nikajiona nimetoa falsafa kwenye karatasi nikaiweka uani.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Yale maji ya kijani hayakupotea, maana vijana wanaofyatua matofali nyuma ya mtaa waliyavuta yote kwa pampu yao. Chini tulikuta tope, ndala tatu na mpira. Mjomba alimleta kaka mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu upande wa Geita. Nilishangaa mpaka aliponieleza kwamba kazi ni ileile: shimo la maji, dawa, na kipimo. Kule walikuwa wakilowesha marudio kwa sayanaidi na kumwaga chokaa ili pH ikae juu ya 10, kwa sababu ikishuka sayanaidi inageuka gesi na gesi inaua. Huku tunataka pH kati ya 7.2 na 7.6, na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Na klorini hii hii, aliniambia, huko migodini hutumika kuiharibu sayanaidi iliyobaki. Alinifundisha mambo ambayo ndoo imeyaandika kwa herufi za kusoma kwa darubini: unatia dawa kwenye maji, hutii maji kwenye dawa, usiikutanishe na asidi hata kwa bahati mbaya, unaiweka jioni kwa sababu jua huila. Tulisugua kuta, tukabadilisha mchanga wa chujio, tukatumia shabu kuzamisha uchafu. Siku ya kumi na mbili niliona vigae vya chini vikiwa vya buluu, nikasahau daftari lote. Kulikuwa kuzuri.

Kilichobaki ni lango. Mafundi walikuwa wamezungushia bwawa wavu wa chuma na kuweka lango, ila komeo ilikuwa bado kwa mchomeleaji. Tukawa tunalifunga kwa kamba.

Jumamosi ile niliingia na kichupa changu cha kupimia. Simu ikaita, msimamizi wangu wa tasnifu. Mtandao pale nyuma ni mbovu, nikatoka hadi mbele ya nyumba ili nimsikie. Tulizungumza dakika ishirini, kuhusu sura ya pili, na siwezi kukumbuka hata sentensi moja. Kamba niliiacha ikining'inia.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Bomba la uani lilikuwa na foleni, foleni niliyoianzisha mimi. Mama mmoja alikuwa amekuja na ndoo tatu na mwanawe wa miaka minne. Mtoto hakupiga kelele. Baadaye niliambiwa kwamba wanaozama huwa hawapigi kelele, lakini wakati huo sikujua. Aliyemwona ni dada wa kazi wa mjomba, binti wa miaka kumi na tisa, alipokuja kuanua nguo. Hajui kuogelea. Hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Alishuka ngazi za upande wa kina kifupi, mkono mmoja umeshika ukingo, mkono mwingine umenyoosha fito ya wavu wa kuokotea majani, na maji yakamfika kifuani kabla hajaweza kumvuta mtoto kwa shati.

Mtoto alitapika maji, akalia. Kilio kile ndicho kilichonitoa mbele ya nyumba. Hospitalini walimweka usiku mmoja kumwangalia, wakamruhusu akiwa mzima.

Kila anayesoma maadili anaufahamu mfano wa Peter Singer, kwenye insha yake ya mwaka 1972. Unapita kando ya kidimbwi, mtoto anazama, kumwokoa kutakugharimu nguo kuchafuka tu. Lazima uingie. Kutoka hapo Singer anakupeleka polepole hadi kwa watu wenye njaa ya mbali, anakuuliza tofauti iko wapi. Nimeufundisha mfano huo kwenye semina za mwaka wa kwanza, na wanafunzi hubishana kuhusu umbali, kuhusu idadi, kuhusu wapita njia wengine waliosimama tu.

Hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikujiuliza, kidimbwi kile kilichimbwa na nani. Kwenye insha kipo tu, kama mlima. Kwetu hakuna dimbwi lililopo tu. Malambo ya ng'ombe yamechimbwa, mashimo ya matofali yamechimbwa, mashimo ya wachimbaji yanayojaa maji wakati wa mvua yamechimbwa, na kila moja lina mtu aliyeondoka na alichokitaka akaacha tundu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, zaidi ya tisa kati ya kila kumi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2003 kwamba bwawa la nyumbani lazima liwe na uzio, kifuniko au kengele. Hawakuanza na swali la mpita njia anadaiwa nini. Walianza na mwenye shimo.

Na gharama ya nguo kuchafuka? Dada hakuhatarisha nguo. Kama angeteleza kwenye ngazi ile tungekuwa na misiba miwili, wake ukiwa wa mtu ambaye bwawa hakulijenga, hakualikwa kuogelea, na ambaye ndoo moja ya klorini ilitugharimu zaidi ya mshahara wake wa mwezi. Mimi ninayejua kuogelea, niliyejifunza chuoni Dar, nilikuwa mbele ya nyumba nikizungumzia haki.

Nilikuwa nimeiuliza familia yangu kama ni halali kujaza bwawa. Bado naliona ni swali la kweli. Lakini lilikuwa swali la siku moja, la siku ya kujaza, na nilipolijibu kwa bomba la jioni nilidhani nimemaliza. Nimewaita watu waje karibu na maji bila kuuliza nani atakayekuwa amesimama hapo saa kumi na nusu, Jumamosi hii, na Jumamosi ijayo, na ile nyingine. Fidia niliyoiandika ilikuwa na saa za kufungua bomba. Haikuwa na jina la mlinzi, kwa sababu kichwani mwangu mlinzi alikuwa dada, kama ambavyo yeye ndiye kila kitu kingine nyumbani.

Mjomba alitaka kulifukia. Usiku ule alikaa sebuleni bila kuwasha taa, akasema atamwita mtu wa tipa la kifusi Jumatatu. Mimi nilinyamaza, maana sikujua kama nina haki ya kusema chochote. Shangazi ndiye aliyesema, "Ukifukia, na bomba utafunga?" Hakujibiwa. Asubuhi mchomeleaji alikuja na komeo, akaiweka juu, mkono wa mtoto usipofika, na springi ya kulirudisha lango lenyewe. Dada alipewa likizo na nauli ya kwao Ushetu. Hakuomba vyote viwili. Aliomba afundishwe kuogelea akirudi, na nimemwahidi.

Jumatatu jioni nilisimama mwenyewe langoni. Sikujua nani atakuja. Saa kumi na robo yule mama akaingia na ndoo zake tatu, mtoto yuko mgongoni, amefungwa kwa kanga kama mchanga ingawa miguu yake ilikuwa inamgonga mapajani. Nilimwamkia, nikaanza kuomba radhi tena, maneno yaleyale ya hospitalini.

"Marahaba," alisema. Akaweka ndoo ya kwanza chini ya bomba, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu. "Umefunga?"

Nikageuka nikalivuta lango, ingawa lilikuwa limefungwa.