Mwanafunzi wa Evaristo Muyinda

Mwaka 1959 kijana wa Vienna aitwaye Gerhard Kubik alifika Kampala. Alikuwa na miaka 24, mpiga klarineti wa jazi, na barabarani alisafiri kwa kuomba lifti. Shahada ya udaktari hakuwa nayo bado. Aliipata mwaka 1971. Alitafuta mwalimu wa muziki, akampata Evaristo Muyinda, mpiga ala wa kasri ya Kabaka (mfalme) wa Buganda, aliyekuwa pia akifundisha katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Wasomi wengi wa zama zile walifika Afrika na mashine ya kurekodia, wakarekodi, wakaondoka. Kubik alikaa chini, akapewa vijiti viwili, akafundishwa kama mtoto.

Ala yenyewe ni amadinda, marimba ya vibao 12 vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, vibao vikiwa katikati yao. Wa kwanza hupiga mfululizo wake sawasawa, bila pambo lolote. Wa pili hutia mapigo yake katika nafasi anazoachiwa na mwenzake, pigo la huyu, pigo la yule, mpaka mwendo unakaribia mapigo kumi kwa sekunde. Yupo na wa tatu, omukoonezi, ambaye hana ila vile vibao viwili vidogo vya mwisho vyenye sauti ya juu kabisa. Kazi yake ni kutega sikio, kuzidaka sauti mbili za chini kila zinapotokea na kuzirudia kule juu.

Hapo ndipo Kubik alipostaajabu. Alisikia midundo na nyimbo ambazo mikono yake haikuwa ikipiga, wala ya mwalimu wake. Mikono ilikwenda sawasawa kama watu wanaotwanga, na huku masikioni kulikuwa na sauti zinazoruka, zinazosita, zinazojibizana. Mwingine angedhani amesikia vibaya akaliacha jambo lipite. Yeye alilishika. Mwaka 1960 alichapisha makala juu ya muundo wa muziki wa Buganda katika jarida la African Music, na mwaka 1962 akaandika nyingine juu ya ile midundo isiyopigwa na mtu, ambayo sikio lenyewe huiunda kwa kukusanya sauti za juu pamoja, za kati pamoja na za chini pamoja. Tena akaeleza kwamba watunzi hawakuipata kwa bahati. Waliipanga.

Miaka tisa baadaye, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, mwanasaikolojia Albert Bregman na mwenzake Jeffrey Campbell walifanya jaribio ambalo leo linafundishwa kila mahali. Waliwasikilizisha watu sauti za juu na za chini zikipishana kwa kasi. Wasikilizaji hawakuweza kutaja ni ipi ilitangulia ipi, kwa kuwa sikio lilikwisha kuzigawa makundi mawili, juu peke yake na chini peke yake. Uwezo huo ndio unaokuwezesha pale bandarini Kalemie kuisikia sauti ya ndugu yako katikati ya honi za boti, wapagazi na wauza ndagala. Bregman mwenyewe hakuwasahau Waganda: katika diski ya mifano aliyoitoa na Pierre Ahad mwaka 1996, aliweka muziki wa amadinda. Nami nasema bila kusita kwamba watunzi wa Buganda walikuwa wameijua kazi hii ya sikio na kuitumia kabla mashine za Montreal hazijawashwa.

Kwa nini naliandika hili hapa Kalemie, Kongo? Kwa sababu jambo lenyewe tunalo. Mwaka 1952 mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, katika Katanga ambayo nasi tulikuwa sehemu yake. Mwenda aliimba Kiswahili na kupiga gita kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, nawe ungeapa kwamba wapigaji ni wawili. Msomi David Rycroft alichambua upigaji huo katika jarida lilelile la African Music, miaka ileile ya Kubik. Kisha njoo kwenye sebene, ile sehemu ya muziki wetu ambapo magita hutawala. Gita la kusindikiza linakwenda chini, mi-solo inarudiarudia kipande chake kifupi, solo inapanda juu yao. Katika mazoezi ya kwaya moja hapa mjini nilimwomba mama mmoja aniimbie kwa mdomo lile gita linalomfurahisha. Akaimba vizuri, bila kusita. Vijana wakapiga mmoja mmoja, kila mtu sehemu yake, na wimbo wa mama haukuwa mkononi mwa yeyote. Yule wa mi-solo aliinamia nyuzi zake akarudia polepole, akiutafuta. Walipopiga pamoja ukarudi. Hilo ni swali la saikolojia ya muziki, zito kama lolote la maabara, na limekaa kwetu bila mtu wa kuliuliza.

Turudi Buganda. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote wa Uganda, chini ya Idi Amin, lilishambulia kasri ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbia, wapigaji wa kasri walitawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Ujuzi uliokuwa umekaa ndani ya kuta zile ungeweza kuishia hapo. Muyinda aliendelea kufundisha, na sehemu ya aliyoyajua ilikuwa tayari kwenye karatasi, ikiwa na jina lake, kwani Kubik hakumwita mtoa habari tu. Hata alipokuwa msomi mkubwa, Kubik aliendelea kupiga klarineti katika bendi ya Donald Kachamba wa Malawi. Nakiheshimu kitendo hicho kuliko vitabu vyake, navyo vitabu ni vizito.

Sisi pia tumekwisha kuonja kutawanyika. Vita vya Watwa na Waluba viliwaleta watu wengi Katanika na kambi nyingine kandokando ya mji huu mwaka 2016 na 2017. Miongoni mwao walikuwamo wazee wa ngoma na wa likembe. Waliulizwa idadi ya watoto na mahitaji ya maturubai, na ilikuwa haki waulizwe. Ni nani aliyewauliza wanasikia nini wanapopiga?

Basi nawaomba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalemie, na walimu wao. Msingoje mfadhili wala mgeni kutoka Vienna. Simu zenu zinarekodi. Mwendeeni mzee, mumwamkie, mkae chini, mwambieni awape sehemu iliyo rahisi kuliko zote, mkosee mbele yake mpaka mkono uzoee. Swali la utafiti litakuja lenyewe. Na siku mtakapoandika, jina lake liwe ukurasa wa kwanza, pamoja na la kijiji chake.