Kungoja Hewa

Jumanne nilikwenda wodini kumwona mzee wetu mmoja wa kanisa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Tumeinamisha vichwa, sala imekolea, muuguzi akaingia na faili mkononi.

"Shikamoo babu. Hewa imeshatoka?"

Mzee akatazama ukuta. "Bado, mwanangu."

"Basi chakula tungoje. Inuka utembee kidogo."

Akainuka, akajikongoja hadi dirishani na kurudi. Miguu ilimtii. Utumbo ulikuwa bado umezubaa, kama unavyozubaa siku mbili tatu baada ya upasuaji wa namna hiyo, na hakuna wa kuupigia amri.

Tofauti imo kwenye misuli yenyewe. Nyama ya paja, ukiitazama kwa hadubini, ni nyuzi ndefu, kila uzi una viini vingi vilivyosukumwa pembeni. Ndani yake protini mbili, aktini na mayosini, zimejipanga pingilipingili kwa vipimo sawa, ndiyo maana inaonekana milia ya giza na mwanga. Misuli ya utumbo haina milia. Seli zake ni fupi, nene katikati na nyembamba ncha zote mbili, mfano wa muhogo, kila moja na kiini kimoja. Protini ni zilezile! Ila hazikupanga foleni. Zimepita mshazari, zimefungwa kwenye vifundo vidogo, na seli ikijikaza hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Hufanya kazi polepole, lakini hukaza muda mrefu kwa nguvu kidogo. Misuli ya aina hii ndiyo iliyomo kwenye kibofu, kwenye mji wa mimba na kwenye kuta za mishipa ya damu.

(Moyo unatuvurugia mpango: una milia, na bado hautuulizi kitu.)

Nyumbani nilikula ugali nikiwa makini kupita kiasi. Tonge nalikanda mwenyewe, nalitafuna, ulimi unalisukuma. Likishavuka koo, si langu tena. Sehemu ya juu ya umio ina misuli ya milia, katikati imechanganyika, chini yote haina milia, na mahali pa kukabidhiana sikupahisi.

Sisi wachungaji tunapenda milia: ratiba, kamati, ahadi za mavuno zilizoandikwa kwa mistari. Ule mfano wa Marko sura ya 4, wa mkulima anayelala na kuamka huku mbegu inaota asijue inavyoota, nimeuhubiri miaka mingi kama habari ya usharika kukua. Sikuwahi kuwaza matumbo. Wala sikuwahi kumwombea mtu ajambe, na nikiri kwamba maneno yalinipa taabu. Nilisema "hewa", kama muuguzi.

Alhamisi tukiwa kwenye kikao cha fedha, simu ikaita. Mzee hakusalimia.

"Mchungaji, imetoka. Wameniletea uji."

Nikawaambia wajumbe. Mtunza hazina, mtu asiyecheka na hesabu, akavua miwani, akasema amina.