Saa za Mtumishi ni za Nani?

Katika mji mmoja wa Katanga palikuwa na karakana ndogo ya useremala, yenye wafanyakazi sita. Mwenye karakana hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mtu wala kumtukana, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Lakini hakujua kuongoza. Alipokea kazi zote zilizoletwa: milango ya huyu, vitanda vya yule, madawati ya shule; na wote aliwaahidi Jumamosi. Hakuandika kitu. Mbao zilikosekana asubuhi, zikafika jioni, ndipo alipowaambia watu wake, «Tukeshe, ndugu zangu, sisi ni jamaa moja.» Dominika nayo ikawa siku ya kazi. Mshahara ulichelewa, kwa kuwa fedha ya mlango ilikuwa imekwisha kununua mbao za kitanda.

Seremala mmoja alikuwa Mkristu, baba wa watoto wanne. Alitoka nyumbani watoto wakiwa wamelala, akarudi wakiwa wamelala. Siku moja mtoto wake mdogo alimwamkia kama watoto wanavyomwamkia mgeni. Usiku ule baba hakupata usingizi. Alijiuliza: Je, uvumilivu huu ni fadhila, au ni kosa?

Wengine hujibu: Mtumishi amtii bwana wake, basi. Ni kweli kwamba kazi ni njema. Yezu mwenyewe alifanya kazi ya mikono huko Nazareti, na mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio wa 12 aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Lakini utii una mpaka. Saa za mtu zina wenyewe wengi: Mungu ana sehemu yake, mke na watoto wana yao, mwili nao una yake. Bwana hununua sehemu moja tu. Hizo nyingine mtumishi hana ruhusa ya kuziuza. Ndiyo maana amri ya siku ya Mungu huwapumzisha hata watumwa, hata ng'ombe na punda. Baba Mtakatifu Leo wa 13 alifundisha mwaka 1891 kwamba si haki kumchosha mtu hata roho ipumbae na mwili udhoofike. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 nayo imeweka mpaka wa saa 45 kwa juma.

Wengine husema: Bwana yule hakuwa na nia mbaya. Hata Musa hakuwa na nia mbaya, alipoketi peke yake tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu. Yetro, baba mkwe wake, alimwonya kwamba atajichosha mwenyewe pamoja na watu, akamshauri kuchagua wakuu wa kumsaidia. Musa alisikia. Basi mwenye nia njema asiyepanga kazi huwadhuru watu bila kutaka. Lakini akiisha kuonywa, neno «sikutaka» halimtetei tena.

Kwa hiyo ilimpasa seremala kusema. Kuvumilia ni kutoa kilicho chako. Kutoa kilicho cha watoto si uvumilivu. Alifuata njia ya Injili: kwanza alikwenda peke yake, bila matusi, akichukua daftari alimoandika saa za mwezi mzima. Bwana alikasirika. Mara ya pili alikwenda na wenzake wawili. Bwana aliyatazama maandishi muda mrefu, kisha akakubali kufunga karakana siku ya Dominika. Kukesha hakukuisha, wala mshahara haukufika kwa siku yake. Seremala hakuacha kazi kwa hasira, maana watoto hawali hasira. Aliendelea kufanya kazi kwa uaminifu huku akitafuta mahali pengine. Na hilo si dhambi.

Ndugu wakatekumeni, msiseme: Mambo haya ni ya mjini. Mtu awaitaye majirani kulima shamba lake la mihogo, akawaweka hata giza liingie, kisha akawaambia waje kesho kuchukua malipo, ni ndugu yake bwana wa karakana. Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Leo kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize katika sala: Ni saa za nani nilizozichukua? Na ni saa za nani nilizoziuza, nazo hazikuwa zangu?