Kilima cha Pugu na Swali la Jirani



Wako watu waulizao: Msitu ambao hatuulimi, wala hatukati miti yake, wala hatulishi mifugo ndani yake, wafaa nini? Na tena: Mtu apandaye kilima pasipo shughuli, kisha akashuka mikono mitupu, amepata nini? Maswali haya si ya watoto. Huulizwa na watu wazima wenye akili, na mara nyingi huulizwa na watu wenye njaa. Kwa hiyo haifai kuyajibu kwa haraka, wala kwa maneno matamu tu. Twataka kuyapima mbele yenu, na ili tusiseme hewani twachagua mahali pamoja panapojulikana na wengi, yaani vilima vya Pugu katika wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani.

Vilima hivi si vikubwa. Mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895, atacheka akisikia Pugu ikiitwa mlima, maana kilele chake hakifiki hata mita 400. Mzee mwenye fimbo aweza kupanda polepole na kufika kabla jua halijawa kali. Viko upande wa kusini-magharibi wa Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka katikati ya mji. Msitu wake ulianza kulindwa kwa sheria siku za utawala wa Waingereza, na sasa, pamoja na msitu jirani wa Kazimzumbwi, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Watu wa mjini huja siku za mapumziko, hulipa kiingilio, hutembea chini ya miti, hufika kwenye bwawa la Minaki. Na jioni huwatazama popo wakitoka kwa wingi katika mashimo yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini.

Habari za wanadamu mahali hapa ni nyingi. Wamisionari Wabenedikto walijenga kituo Pugu mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kile kiliharibiwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita katika nchi hii. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu hata mwaka 1955, alipoiacha kazi ile ili akitumikie chama cha TANU. Lakini msitu ulikuwako kabla ya hao wote. Misitu ya namna hii katika pwani yetu ni masalio ya msitu wa kale sana, na ndani yake imo mimea isiyoonekana ila mahali pachache duniani. Wataalamu wameipa miti kadhaa jina la kielimu la puguensis, maana yake, ya Pugu. Basi kilima hiki kidogo, ambacho wengi hukipita ndani ya gari pasipo kugeuza shingo, kimeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali.

Sasa twarudi kwenye maswali yetu. Jibu la kwanza ni hili: si kila kifaacho huonekana kwa macho. Katika vilima vya Pugu ndipo mto Msimbazi unapoanzia. Mvua ikinyesha juu ya msitu, matone huangukia majani kwanza, kisha hushuka polepole katika mboji na mizizi, na ardhi hunywa. Lakini pale palipokatwa miti, mvua hupiga udongo mtupu, maji hukimbia yakichukua mchanga, na mchanga huo huenda kujaza mto kule chini. Nao mto hupita Vingunguti na Jangwani, penye maelfu ya watu, hata kufika baharini. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliipiga Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliokosa makao walihamishiwa Mabwepande. Hatusemi kwamba maafa yale yaliletwa na shoka peke yake. Mvua ilikuwa kubwa kuliko desturi, nyumba zilikuwa zimejengwa bondeni, na taka ziliziba mifereji. Lakini twasema kwamba kila mti ukatwao penye chanzo cha mto huongeza mzigo wa yule alalaye penye mkondo. Mtu wa Jangwani hajauona msitu wa Pugu, wala hajui jina la mti wake hata mmoja. Hata hivyo msitu humtumikia usiku na mchana, wala haumdai mshahara.

Jibu la pili lahusu mwenye kutembea. Wazee wetu walisema: Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mtu wa mji siku hizi hupima kila kitu kwa bei. Asubuhi huuliza nauli, mchana huuliza bei ya chakula, jioni huhesabu kilichobaki. Pole pole huanza kuwapima hata watu kwa kipimo kilekile, akisema moyoni, Huyu atanifaa nini? Mtu wa namna hiyo akienda saa mbili chini ya miti mikubwa asiyoipanda yeye, iliyokuwako kabla ya babu yake, hukutana na kitu kisichomhitaji. Komba hulala mchana asijue kwamba bwana mkubwa anapita. Nafsi ya mtu huhitaji jambo hilo mara kwa mara, ikumbuke kwamba dunia haikuanza siku alipozaliwa, wala haitakwisha atakapozikwa. Kwa hiyo hatuthubutu kuita matembezi hayo uvivu. Mvivu hukimbia kazi yake. Mtembezi huirudia kazi yake akiwa na kiasi zaidi.

Lakini hapo huinuka mtu wa tatu, na neno lake ni zito. Huyu ni mchoma mkaa. Asema: «Mtu wa mjini alipa kiingilio, atembea, apiga picha, arudi kwake kula. Mimi nilizaliwa kando ya msitu huu. Nikiingia na shoka, nashikwa. Watoto wangu wahitaji sare na madaftari. Je, ndege ni bora kuliko mtoto wangu?»

Ndugu, tusimjibu huyu kwa kumkemea. Na tuitazame kwanza kazi yake. Hukata mti, huukatakata magogo, huyapanga, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hulitia moto tanuri lake na kulilinda siku kadhaa, usiku na mchana, macho yakiwa mekundu kwa moshi. Katika tanuri kama hilo kilo 100 za kuni huweza kutoa kilo 10 hata 20 tu za mkaa. Sehemu kubwa hupotea. Gunia likishajaa, haliendi nyumbani kwake. Huenda mjini. Basi shoka limo mkononi mwa mtu mmoja, lakini anayelituma ni mwingine, naye aketi mbali, mikono yake ikiwa safi. Mama wa mjini apikaye maharagwe kwa mkaa haoni kisiki. Mfanyabiashara mwenye lori haoni mafuriko. Kila mmoja huona kipande chake kidogo, na kila mmoja husema, Si mimi. Hivyo ndivyo madhara makubwa yatendekavyo pasipo mtenda maovu mkubwa.

Kwa hiyo twaona kwamba swali la mchoma mkaa lina kosa moja. Ndege hawashindani na mtoto wake. Anayeshindana na mtoto wake ni mtoto mwingine, yule wa bondeni, na wa tatu pia, ambaye hajazaliwa bado, atakayekuta kisiki na korongo kavu. Swali la kwamba jirani ni nani ni la kale, nasi twalijua jibu lake: si yule tu ambaye ukuta wake wagusa wetu. Maji yashukayo kilimani hufanya ujirani kati ya watu wasiojuana.

Lakini kama ujirani ni huo, mzigo wake usiwekwe kichwani pa maskini peke yake. Hilo lisingekuwa haki. Walindao msitu wawape wenyeji kazi na sehemu ya faida itokayo kwa watembezi, ili mti uliosimama uwafae kuliko mti ulioanguka. Wenye uwezo mjini wageuze jiko lao kwanza, wasingoje maskini atangulie. Serikali imetangaza Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 2024 hata 2034, ukikusudia kwamba asilimia 80 ya watu watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Neno hilo ni jema, lakini mkakati haupiki ugali. Hupikwa na watu nyumbani mwao, mmoja mmoja. Na penye kiwanja cha kanisa au cha shule, haikosi nafasi ya miti kumi ya kuni, ipandwe na kukatwa kwa zamu, ili msitu wa asili upumzike.

Ninyi walimu wa vijijini, mwaweza kulifanya jambo moja lisilo na gharama kubwa. Wachukueni vijana siku moja, mwende nao kwenye kilima kilicho karibu nanyi, hata kama ni kidogo na hakina sifa. Waulizeni: Maji ya hapa huenda wapi? Ni nani ayanywaye? Wafuateni mpaka walipate jibu kwa miguu yao wenyewe, wakishuka na kijito hata nyumba ya mwisho. Wakifika huko wamsalimu mwenye nyumba ile, wamjue jina. Mtu aliyekwisha kumjua jirani yake kwa jina, ni vigumu kwake kuinua shoka juu ya chemchemi yake.