Pointi Chache, Njia Ndefu

Kila mara matokeo ya Exetat yatokapo, wazazi wa Masisi na Walikale hutuletea swali lile lile. Mtoto amepata diploma, lakini kwa asilimia 51 tu, au 52. Karibu na nyumbani kuna chuo kimpokeacho kila ajaye na minervali mkononi. Mbali, Bukavu au Butembo au Kisangani, kuna chuo kingine ambako, wasema waliokwisha kusoma huko, walimu huwafundisha tena jioni wale walio nyuma, na mkuu humwulizia mwanafunzi asiyeonekana darasani. Je, ni halali kuuza ng'ombe kwa ajili ya mtoto wa asilimia 51, na kumpeleka mbali hivyo?

Neno "halali" ni lao, nasi twafurahi kwamba wameuliza hivyo. Maana hapa pana haki ya wadogo zake wanaosubiri minervali yao, haki ya mama anayebaki peke yake na shamba, na haki ya kijana mwenyewe.

Kwanza tuzitazame zile pointi. Mtihani wa Serikali, ulioanza mwaka 1967, hudai asilimia 50 ili mtu afaulu. Mwenye 51 ameingia mlangoni, ingawa kwa kugusa kizingiti. Lakini karatasi haisemi amepita njia gani. Mtoto wa Nyabiondo au Pinga aliyekimbia vita mara mbili katika miaka yake ya sekondari, aliyesoma kemia pasipo kuona hata chupa moja ya maabara, akaandika mtihani kwa Kifaransa ambacho hukisikia kinywani mwa mwalimu tu, hawezi kupimwa kwa mzani mmoja na mtoto wa mjini. Lakini tusijidanganye. Wako pia waliopata 51 kwa uvivu, au kwa kuwa walikwenda kwenye mashimo ya koltani ya Rubaya wakarudi siku chache kabla ya mtihani. Mzazi anamjua mtoto wake. Aliye mvivu machoni pa mama yake atazidi kuwa mvivu asipoonekana naye, na ng'ombe atakuwa amekwenda bure.

Basi tumseme yule asiye mvivu. Mara nyingi kimzuiacho si njia, ni haya. Akubali vipi kwamba yeye, mwenye diploma, afundishwe tena mambo ya darasa la tatu? Afadhali aende mahali ambapo hakuna amjuaye, wala hakuna amsaidiaye, mradi asionekane mnyonge.

Tumkumbuke Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Alizaliwa Dardilly, Ufaransa, mwaka 1786, akalima shamba la baba yake, na alipokaribia miaka 20 alianza kusoma kwa Padri Balley huko Écully, pamoja na watoto wadogo mno kuliko yeye. Kilatini kilimshinda. Seminari kuu ya Lyon ilimrudisha. Balley hakumwacha, alimfundisha tena kwa Kifaransa, lugha aliyoielewa, na mwaka 1815 Vianney akapewa upadri mjini Grenoble. Yale yaliyofuata Ars, wasomaji wetu wayajua. Sisi twapenda kumtazama yule kijana mwenye ndevu kati ya watoto, na mwalimu wake ambaye hakuchoka. Angalieni pia kwamba Écully ni jirani ya Dardilly. Umbali peke yake hauponyi kitu. Kama msaada unapatikana Masisi, hakuna sababu ya kupanda lori kwenda Kisangani kwa ajili ya jina la mji.

Wala kuwatayarisha wanyonge si aibu kwa chuo. Lovanium, chuo kikuu cha Kikatoliki kilichofunguliwa Léopoldville mwaka 1954, kiliweka mwaka wa matayarisho kwa vijana ambao shule zao hazikuwafikisha panapotakiwa. Kusaidia, lakini, si kulegeza. Mahali ambapo pointi hununuliwa hapamsaidii mtu. Humwibia fedha yake na akili yake pamoja. Mzazi asiulize majengo ni mazuri namna gani. Awatafute wanafunzi wa mwaka wa pili, aulize: mliingia wangapi, mmebaki wangapi? Aliyeanguka mtihani wa kwanza, nani alimwita?

Barabara nayo ina neno lake. Mwezi wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, Februari Bukavu, na Machi wakafika Walikale-centre, kisha wakaondoka huko mwezi uliofuata. Mzazi amzuiaye mtoto kwa hofu ya kutenganishwa naye hivyo, hatumwiti mwoga. Haki yake ni kubwa. Lakini amzuiaye kwa kusema tu kwamba mwenye 51 hastahili gharama, na aisome tena Injili ya talanta. Mtumishi aliyepewa mbili akaleta nne alisifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa yule wa tano. Bwana wake hakumwuliza mbona si kumi. Na yule wa tatu alizika yake kwa hofu.

Kijana naye anadaiwa. Ng'ombe hakuwa wake peke yake. Kabla ya kuondoka, jamaa wakae pamoja, hata mbele ya wazee wa shirika, wapatane: mdogo wake atasomeshwa na nani, lini, na mkubwa atarudisha nini akipata kazi. Tumeona ndugu wakinuniana miaka mingi kwa sababu jambo hili halikusemwa.

Tena iko barua ya Padri Paroko. Wengine humwomba asitaje asilimia. Aitaje. Iseme 51, iseme shule ilifungwa miezi mingapi, iseme kijana ni mnyonge katika hesabu na zaidi katika Kifaransa. Chuo kikimkataa kwa sababu ya barua hiyo, angalau ng'ombe yungali zizini.