Haki ya Kuutazama Mwili

Mwenyezi Mungu alipoufunika mwili wa mwanadamu kwa ngozi, akayaweka maini, moyo na figo gizani, mahali ambapo hata jicho la mwenye mwili halifiki, alimpa kiumbe wake sitara ambayo dini zilizotia mizizi katika nchi zetu zimeiheshimu daima. Na kwa sababu ya sitara hiyo kila tabibu, tangu zama za kale, amekabiliwa na swali lisilokuwa la utabibu peke yake: ni kwa haki gani mtu aone ndani ya mtu mwenziwe? Swali hilo limevaa sura mpya katika siku zetu, kwa kuwa vimepatikana vyombo vinavyoona ndani bila kisu wala sindano, na wako wanaodhani kwamba, maadamu jeraha limeondoka, swali nalo limeondoka. Mimi naamini kinyume cha hayo, na hoja yangu naitoa Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watu walijifunza kwa machozi kuwa kuona na kuonwa kunaweza kuwa jambo la kufa na kupona.

Katika viungo vilivyositiriwa, ini limepelelezwa kwa hamu kuliko vingi. Makuhani wa Babeli walipasua kondoo wakalisoma ini lake wapate habari za ghaibu, na kitabu cha nabii Ezekieli kinamtaja mfalme wa Babeli akifanya hivyo kwenye njia panda. Na washairi wa pwani nao waliliweka ini karibu na moyo, kuwa makao ya mapenzi na uchungu. Tabibu wa leo hatafuti ghaibu wala mahaba, ila ataka kujua kama homa ya ini ya aina ya B, au pombe, au mafuta yaliyokusanyika, yameligeuza ini kuwa kovu. Na kwa muda mrefu njia yake ya kuaminika ilikuwa ile aliyoianza Paul Ehrlich huko Ujerumani mwaka 1883, na Giorgio Menghini wa Italia akaifanya nyepesi mwaka 1958, yaani kupenyeza sindano kati ya mbavu na kunyofoa ujiti wa nyama ya ini. Njia hiyo ilifundisha mengi, lakini ilimtia mgonjwa maumivu, mara chache ikamvujisha damu, na mara chache zaidi ikamwua. Na juu ya hayo, ujiti wenyewe ni kadiri ya sehemu moja katika 50,000 ya ini zima, hata ikawezekana kovu liwe upande huu na sindano iangukie upande ule.

Mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa walichapisha habari za chombo ambacho sasa kinajulikana kwa jina la FibroScan, kinachowekwa juu ya ngozi ya ubavu wa kuume na kupeleka mtikisiko mdogo hadi ndani. Nao mtikisiko huo hupita upesi katika ini gumu na polepole katika ini laini, na mwendo wake, ukifuatwa kwa mawimbi ya sauti, hugeuzwa kuwa hesabu ya ugumu. Ni busara ya mnunuzi sokoni abonyezaye parachichi asilipasue, ila hii imetiwa nidhamu ya vipimo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 juu ya homa ya ini B umezichukua kilopaskali 7 kuwa alama ya kovu lenye uzito, na 12.5 kuwa alama ya ini lililokwisha kusinyaa. Na pale ambapo chombo hicho hakipo, mwongozo huo unampa tabibu hesabu iitwayo APRI, ambayo haitaki ila kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembe za kugandisha damu, mambo mawili yanayoweza kupatikana katika maabara isiyo na utajiri.

Hapa ndipo masala ya kwanza ya dhamiri yanapozaliwa. Mafakihi wa Kiislamu wametufundisha kwamba dharura huyahalalisha yaliyokatazwa, lakini wakaongeza kwamba dharura yenyewe hupimwa kwa kadiri yake, isivuke. Na wanatheolojia wa Kanisa, kwa njia yao, wamesema kuwa mwili hauguswi kwa chuma ila kwa manufaa ya mwili huo. Ikiwa ndivyo, basi kila chombo kipya kinaiondoa rukhusa ya zamani: sindano iliyokuwa halali jana, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, yahitaji leo kujitetea upya mbele ya njia nyingine. Namna ya kutibu haibadiliki kwa sababu ya werevu wa vyombo tu. Hubadilika pia kwa sababu udhuru wetu umepungua. Wala sisemi kwamba sindano imekwisha kazi yake, maana ini lililovimba kwa ugonjwa mkali, au la mtu aliyetoka kula sasa hivi, huweza kuonekana gumu kuliko lilivyo, na uko uvimbe ambao hautambulikani asili yake bila kipande chake kuwekwa chini ya hadubini. Nasema kwamba atakayedunga na aweze kueleza kwa nini hakuweza kutodunga.

Ngozi nayo ina hukumu yake. Kwa kuwa iko wazi, tunadhani haina siri, na kumbe maradhi mengi yaliyo juu yake yalikuwa hayajulikani ila kwa kukatwa kipande. Siku hizi iko lenzi ya mkononi, dematoskopu, inayokuza mara kumi na kuuondoa mng'ao wa ngozi kwa nuru iliyochujwa, hata mdudu wa upele akaonekana mahali pake. Na katika hospitali za matajiri iko hadubini ya leza inayofika kadiri ya robo ya milimita chini ya ngozi na kuzionyesha chembe zilizo hai, bila kovu. Lakini sehemu kubwa ya elimu ya vyombo hivi ilikusanywa juu ya ngozi nyeupe, na daktari anayeisoma katika vitabu vya Ulaya atakuta alama nyingi hazifanani na zile anazoziona juu ya ngozi ya mkulima wa Lubero, huko huko Kivu ya Kaskazini. Jicho linaweza basi kuwa kali na likawa bado halijajifunza kumwona mtu aliye mbele yake, na huo ni upungufu wa haki kabla haujawa upungufu wa sayansi. Zaidi ya hayo, picha ya ngozi sasa yapigwa kwa simu na kupelekwa kwa mabingwa wa mbali, na tangu ndui ya nyani ilipotangazwa kuwa hatari ya dunia mwezi wa Agosti 2024, picha za watu wenye vipele zimetembea kutoka simu hadi simu. Hakuna aliyekatwa wala aliyetokwa na damu, na hata hivyo heshima ya mtu imejeruhiwa.

Sasa tuje Beni na Butembo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, ikaanzia Mangina, ikafika Beni, Katwa na Butembo, na hata ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Watu wa huko walikuwa wamekwisha kuchinjwa vijijini kwao kuzunguka Beni tangu mwaka 2014, na dunia haikuja. Ilipokuja Ebola, magari ya Riposti, yaani ya vikosi vya kupambana na ugonjwa huo, yakajaa njiani, na mwezi wa Desemba 2018 wakaambiwa kwamba, kwa sababu ya ugonjwa na usalama, wao hawatapiga kura pamoja na wenzao. Wakaona jamaa zao wakipelekwa nyuma ya ua, wakihudumiwa na watu waliofunikwa toka utosini hadi nyayoni, wasioonekana hata macho, kisha wakirudishwa katika mifuko iliyofungwa isiyofunguliwa. Na minong'ono ikaenea kwamba ndani ya mifuko hiyo viungo vimetolewa. Minong'ono hiyo haikuwa kweli, na ilileta maafa, kwa kuwa vituo vya tiba vilichomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kusaidia, aliuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo. Uuaji huo hauna udhuru mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Lakini mwenye kutafakari atauliza hofu ile ilikula nini hata ikanenepa, na jibu ni kwamba ilikula giza: watu walitazamwa nao hawakuruhusiwa kutazama.

Dalili ya jibu hilo ilionekana Beni kwenyewe. Shirika la ALIMA lilileta huko vyumba vya plastiki angavu, viitwavyo CUBE, vyenye mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani, ili muuguzi amhudumie mgonjwa akiwa nje bila kuvaa mavazi yale mazito. Na kwa kuwa ukuta ulikuwa wazi, mgonjwa aliuona uso wa anayemtibu, na mama aliweza kusimama nje akamwona mwanawe, akasema naye, akashuhudia kila kinachofanyika. Chumba hicho kilibuniwa kwa ajili ya kinga, lakini manufaa yake makubwa kwa roho yalikuwa haya, kwamba kilirudisha kuonana.

Naona hapo msingi wa masala yote. Kuona bila ya kuonwa ni sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake, Mwenye kuyajua yaliyo vifuani, ambaye macho ya viumbe hayamfikii. Na Yeye hatudhuru kwa kutuona, kwa kuwa elimu yake haitengani na rehema yake. Mwanadamu hana sifa hiyo. Akijifanya kuwa nayo, akamtazama mwenziwe toka mafichoni, hata kwa nia njema, ameingia katika lile ambalo dini imelikataza kwa jina la upelelezi wa aibu za watu. Na chombo kisichoumiza kinamrahisishia kosa hilo, kwa sababu zamani kisu kilimlazimisha tabibu kuomba idhini, ilhali leo mtu aweza kupimwa ini, au kupigwa picha ya ngozi, akiwa hajui hata kwamba ameulizwa jambo.

Wako watakaosema kwamba tauni haingoji mashauriano, na kwamba mgonjwa asiyesoma hataelewa mambo ya mawimbi na kilopaskali. La kwanza lina ukweli, lakini haraka yaweza kufupisha maelezo, haiwezi kuyafuta. Na huko Butembo saa zilizookolewa kwa kutoeleza zililipwa kwa miezi ya chuki. La pili silikubali, maana mkulima anayejua umri wa kahawa kwa rangi ya punje yake ataelewa vema akiambiwa kwamba ini lake limeanza kuwa gumu, na kwamba dawa ya kila siku au kuacha pombe kutalizuia lisizidi.

Basi tabibu wa Beni apokeapo chombo kipya cha kupima ini, au lenzi ya ngozi, na apokee pamoja nayo wajibu wake: aombe idhini ijapokuwa hakuna damu itakayomwagika, amgeuzie mgonjwa kioo aone anachokiona yeye, ayafiche majibu na picha kwa wasiohusika, na akiri mpaka wa chombo chake badala ya kuisoma hesabu kama wahyi. Na wenye kutengeneza vyombo hivyo huko ng'ambo wajue kuwa wanadaiwa: kama sindano imekuwa si ya lazima kwa mgonjwa wa Paris, ni dhuluma iendelee kuwa ya lazima kwa mgonjwa wa Kivu kwa sababu ya bei tu. Mwili ni amana iliyowekwa mikononi mwa mwenyewe, na mwenye amana ndiye wa kwanza kuwa na haki ya kujua kilichoonekana ndani yake; atakayeingia humo kwa nuru, sawasawa na aliyeingia kwa chuma, aingie kwa mlango wa ruhusa, uso wake ukiwa wazi.